Mbwa anatapika siku ya tisa sasa na haachi mtu amsogelee, nifanye nini?

Mama Wawili (Mishomoroni), Ijumaa saa 3:10 usiku

Asalaam aleikum jamani, na wasio Waislamu habari za usiku. Nina mbwa dume, jina lake Bosco, umri kama miaka mitano. Ni wa kwetu nyumbani. Leo siku ya tisa anatapika. Asubuhi anatoa povu la manjano. Mchana nikimpa ugali na mchuzi wa dagaa anakula matonge mawili matatu, baadaye vinarudi vyote. Hata maji yanarudi. Amekonda mpaka mbavu zahesabika.

La pili, nalo ndilo linaloninyima usingizi, ni tabia. Amejichagulia pembe moja ya kibaraza cha uani na haachi mtu apite hapo. Ukisogea anakaza mwili, anatoa meno, ananguruma. Alikuwa mpole, watoto walikuwa wakimshika masikio. Sasa hata sahani yake naisukuma kwa mpini wa ufagio.

Naomba kujua dawa ya kukata matapishi na namna ya kumtuliza siku mbili hizi ili aweze kusafiri. Ahsanteni.

Baharia Mstaafu

Pole dada. Joto la Mombasa mwezi huu hata binadamu hali. Mpe maji ya dafu, asubuhi na jioni. Nilipokuwa melini tulikuwa na mbwa wa nahodha, alikuwa akitapika kila tukitoka bandarini mpaka tufike Zanzibar. Dawa yake ilikuwa kulala tu.

Binti Kongowea

Wangu alitapika hivyo hivyo, kumbe amekula kigunzi cha mahindi nje ya soko. Msage mkaa umtilie kwenye uji. Na kama ana maumivu mpe nusu kidonge cha ibuprofeni.

Mhudumu wa Mifugo

Binti, hapo kwenye ibuprofeni nakuomba ufute. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo, hata kipimo kidogo. Parasetamoli nayo si salama kwake. Mtu mwenye mbwa anayetapika asimpe dawa yoyote ya binadamu.

Mama Wawili, nina maswali. Anapotapika, tumbo lajikaza kwanza na kukokomoa, au chakula chadondoka tu kama kilivyoingia? Choo anapata? Ukiangalia matapishi, mna nini zaidi ya chakula: damu, minyoo, nyasi, plastiki? Na ufizi wake ni wa waridi au umepauka? Mbwa mkubwa akitapika mara moja mbili kwa kula uchafu si ajabu. Siku tisa, na maji hayakai, hapo nahofia kitu kimeziba. Pia kupe: homa zao humkondesha mbwa na kumtapisha, ingawa huja na homa kali na ufizi mweupe.

Mzee wa Kibokoni

Mwanangu, mimi nitakwambia ambalo wenzangu wanalikwepa. Umetoa salamu ya Kiislamu, na sisi huku pwani madhehebu yetu ni ya Shafi. Mate ya mbwa ni najisi, chombo alichotia mdomo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Wewe una watoto wawili na mbwa yuko kibarazani! Mbwa wa kulinda na wa kuwinda ana ruhusa yake, lakini mahali pake ni uwani, si mlangoni pa watu wanaosali. Matapishi yote hayo ni nani anayaosha?

Mwalimu wa Likoni

Mzee wetu, shikamoo. Maneno yako kweli, ila kuna pia hadithi iliyopokewa na Bukhari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake cha ngozi kwa kuwa alimwona anaramba udongo kwa kiu, na Mungu akamghufiria. Huyu dada anauliza amwokoeje mnyama. Tumjibu hilo kwanza.

Kijana wa Tudor

Mimi sina mbwa, nina paka. Huyo paka akitapika hutapika juu ya viatu vyangu vya kazini, si vya mtu mwingine. Mamangu husema ananionea wivu. Wanyama wana mambo, dada, usivunjike moyo.

Dereva wa Pikapu

Swali langu dogo. "Ili aweze kusafiri." Kusafiri wapi?

Mama Wawili

Ahsanteni nyote. Mhudumu, tumbo lajikaza, anakokomoa kwanza. Choo kidogo sana, chembechembe. Ndani ya matapishi juzi niliona vitu kama nyuzi, rangi ya bluu, nikadhani ni gunia. Ufizi siwezi kuuona, hanikaribishi.

Mzee wangu, matapishi naosha mimi mwenyewe, kwa mchanga na maji, na chombo chake ni mbali. Nimelizingatia hilo tangu siku ya kwanza.

Kusafiri ni Mariakani. Jumapili kuna lori la shemeji yangu linapita, kuna jamaa zetu wana mbuzi na uwanja mkubwa. Mume wangu amesema hawezi tena, na mimi nakubaliana naye. Huko atakuwa huru. Sioni kosa. Ninachotaka ni asitapike njiani basi.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Dada, nimesoma maneno yako mara mbili. "Watoto walikuwa wakimshika masikio." Na mume amesema hawezi tena. Nijibu bila kona: Bosco amemuuma mtu?

Mhudumu wa Mifugo

Nami nasubiri jibu hilo. Na alichanjwa kichaa lini?

Mama Wawili, saa 5:42 usiku

Ni mtoto wangu wa pili, wa miaka sita. Jumatatu jioni. Mkononi, karibu na kiwiko, meno mawili yameingia. Damu ilitoka kidogo. Nilimwosha kwa maji ya chumvi nikampaka shubiri, na sasa pamekauka, anacheza vizuri tu. Asubuhi yake tulikwenda zahanati moja karibu na nyumbani wakasema chanjo hawana, tukarudi. Mume akasema huyu ni mbwa wa nyumbani, si mbwa koko, hana kichaa. Sikutaka kuliandika kwa sababu najua mtaniita mama mzembe.

Kuhusu chanjo, sijui.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Hakuna anayekuita mzembe. Lakini nisikilize, kwa sababu hili halina subira.

Kidonda hata kikikauka hakisemi kitu. Virusi vya kichaa cha mbwa hutembea polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, huchukua wiki, pengine miezi. Mtoto atacheza vizuri mpaka siku ya dalili, na dalili zikishaanza tiba karibu hakuna. Chanjo ikiwahi, inaokoa. Siku nne zimepita, bado hujachelewa, ila usiongeze ya tano. Kidonda kioshwe sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa. Alfajiri mpeleke hospitali ya Makadara, sema "ameumwa na mbwa ambaye chanjo yake haijulikani". Sindano ni za mfululizo, kwa kawaida siku ya 0, 3, 7, 14 na 28, na kwa kuwa meno yameingia na damu ikatoka, watapima kama anahitaji pia dawa ya kinga ya kuchomwa kwenye kidonda. Zahanati moja ikikosa chanjo si ruhusa ya kurudi nyumbani, ni sababu ya kwenda nyingine.

Mhudumu wa Mifugo

Na Bosco hasafiri. Mbwa aliyeuma awekwe chini ya uangalizi siku 10 tangu kuuma. Akizimaliza mzima, tunajua mate yake hayakuwa na virusi siku ile. Ukimpandisha lori Jumapili umelipoteza jibu hilo, na kama ni mgonjwa umewapelekea jamaa zako wa Mariakani na mbuzi wao. Kutapika si dalili kuu ya kichaa, lakini tabia kubadilika ghafla haipuuzwi. Kwa kumtazama hakuna anayeweza kusema anacho au hana.

Mama Wawili

Nimeelewa ya mtoto, tutakwenda. Lakini ya lori nimeshaahidi watu. Mume wangu amekwisha kuzungumza. Nyinyi hamuishi humu ndani na mnyama anayetoa meno kila mkienda kuanika nguo.

Mwalimu wa Likoni

Binti yangu, Kenya mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huu kuandikwa alikuwa mbwa, mwaka 1912. Mwaka 2014 serikali ikaweka mpango wa kuumaliza kwa watu ifikapo 2030. Miaka yote hii ugonjwa bado upo kwa sababu kila mtu humwona mbwa wake ni wa nyumbani. Ahadi ya lori yavunjika kwa simu moja.

Mpenda Ukweli

Samahanini, mimi huu uzi siuamini. Mwanzo: "ni wa kwetu nyumbani", miaka mitano. Sasa: chanjo sijui. Mbwa unayeishi naye miaka mitano hujui kama alichanjwa? Mwanzo watoto wanamshika masikio, mwisho ameuma. Kila tukiuliza kinatoka kipya, mara nyuzi za bluu, mara zahanati isiyo na jina. Hadithi za namna hii zinaandikwa ili watu wakeshe wakijibu. Msimtumie hela mtu.

Kijana wa Tudor

Mimi pia nilianza kujiuliza, kusema kweli. Paka wangu nina kadi yake mpaka leo.

Dereva wa Pikapu

Hela ameomba wapi? Onyesheni.

Mama Wawili, Jumamosi saa 12:20 asubuhi

Tuko foleni Makadara, mtoto amelala mapajani kwangu, ndiyo maana naandika.

Bosco si wangu. Ni wa kaka yangu. Alikuwa soja wa usiku kwenye godauni huko Shimanzi, mbwa huyo alimlea tangu kijibwa kisichofungua macho vizuri. Kila Ijumaa walikuja kwangu wote wawili, ndiyo maana watoto wakamzoea na ndiyo maana nasema wa kwetu. Kaka alitutoka, arobaini yake imepita majuzi. Nimechukua mbwa na mkoba mmoja wa nguo zake za kazi. Mkoba niliuweka pembe ya kibaraza kwa kuwa sikuwa na nguvu za kuufungua. Bosco ameulalia. Mtoto Jumatatu aliuvuta akitafuta mpira.

Nyuzi za bluu, sare za kaka zilikuwa bluu. Nimelifikiria hilo njiani leo, si kabla.

Ndugu uliyesema natunga, ningependa iwe nimetunga.

Mpenda Ukweli

Dada yangu, nisamehe. Mungu amrehemu kaka yako.

Mzee wa Kibokoni

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwanangu, ungalisema tangu mwanzo. Wasia wa maiti ni mzito. Kama marehemu alimpenda, mtazame, ukishamtazama mwanao.

Mhudumu wa Mifugo

Pole sana. Sasa habari yote imekuwa moja. Amekuwa akila nguo za mkoba huo, na kitambaa kikiziba nusunusu mbwa hutapika siku nyingi kabla hajaanguka. Maumivu ya tumbo nayo yanamfanya awe mkali zaidi juu ya kile anachokilinda. Asipewe kitu cha kula tena. Na leo lazima aonwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Unapopiga simu, neno la kwanza liwe kwamba ameuma mtoto, ili waje wamejikinga.

Kuutoa mkoba: usimnyang'anye na usimpige kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo lake. Ukimfundisha kwa fimbo kunyamaza, siku nyingine atauma bila kuonya. Fanya kubadilishana. Chemsha maini yanukie, mtupie kipande mbali na mkoba, kingine mbali zaidi, mpaka atoke pembeni mwenyewe. Ni vipande vidogo, vya kumvuta tu. Akivuka mlango wa grili, funga, ndipo uuvute mkoba kwa mpini. Watoto wawe ndani. Na usimfunge mdomo kwa kamba, akitapika atapaliwa.

Ndani ya mkoba utazame kama kuna kadi ya chanjo. Soja mwenye mbwa wa kazi mara nyingi huwa nayo.

Binti Kongowea

Ibuprofeni nimeifuta. Dada tuambie mkitoka hospitali.

Mama Wawili, Jumapili saa 4:05 usiku

Mtoto alichomwa sindano ya kwanza jana, na ya kwenye kidonda pia, alilia lakini amekuwa shujaa. Ya pili ni Jumanne.

Maini yalifaa. Kipande cha nne akatoka. Daktari alikuja na glavu ndefu, akamdunga dawa ya kutuliza, tukampakia kwenye tuktuk mimi na mume wangu. Alimpapasa tumbo akagusa kitu kirefu, na picha ya eksirei ikaonyesha hewa imekusanyika nyuma yake. Wamempasua jana usiku. Ilikuwa soksi, na kipande cha mkono wa shati. Yuko hapo hapo kliniki, ametengwa na wengine, mpaka siku 10 zitimie Alhamisi. Leo mchana amekunywa maji na yamekaa.

Lori limeondoka bila yeye. Mume wangu hajasema Bosco atakaa wala ataondoka, amesema tungoje Alhamisi kwanza.

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, ndani ya plastiki ya mkate. Chanjo nne, kila mwaka, mwandiko wa kaka ameandika "Bosco" juu kwa kalamu nyekundu. Ya tano muda wake ulipita miezi minne iliyopita, ile miezi aliyokuwa akiumwa. Daktari amesema tuendelee na sindano za mtoto mpaka mwisho.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Jumanne usikose hata mvua ikinyesha. Weka saa ya simu.

Mama Wawili

Nimeweka.