Fimbo imeingia ndani kama shingo ya kobe halafu naambiwa "hukununua uiegemee"!!!

Goti_Bovu (mwanzisha uzi):
Wakuu kwema? Kwangu si kwema. Naandika mikono inatetemeka kwa hivyo herufi zikiruka mnisamehe.

Yule bwana. Simtaji, mnamjua, humu ndani hamna ambaye hajawahi kuuziwa kitu na yule bwana. Yule wa "hii ni ya kijeshi". Kila kitu chake cha kijeshi, filimbi ya kijeshi, soksi za kijeshi, siku akiuza kijiko nacho kitakuwa kimetoka vitani.

Sasa asubuhi hii nimemrudishia zile fimbo za milimani, zile za vipande vinavyoingiana, watu wamesimama kama sita hivi, namwonyesha jinsi inavyoteleza, yeye haitazami fimbo, ananitazama MIMI, kaanzia miguuni kapanda taratibu kafika tumboni akapumzika hapo, halafu anasema kwa upole kabisa, "Kaka, hii ni fimbo ya kutembelea. Hukununua uiegemee."

HUKUNUNUA UIEGEMEE.

Yaani fimbo sasa ni ya nini? Niibebe kwapani nipendeze? Watu sita wakuu. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta.

Kilichotokea ni hivi, tulikuwa porini siku ya tatu, mnyama kapatikana siku ya pili jioni mbali huko, kesho yake ni kubeba nyama kurudi, begi langu siwadanganyi lilikuwa kilo 30 na kitu (kwa mgongo wangu ilikuwa kilo mia nne). Tunashuka mteremko wa kokoto zile zinazotembea zenyewe, nimeweka fimbo ya kushoto mbele, nikaiegemea, ndiyo NILIIEGEMEA kama binadamu yeyote, ikaingia ndani. Haikuvunjika. Iliingia tu, kimyakimya, kama kobe kaona mtoto. Nikaifuata. Begi likanifuata mimi. Nimeshuka mita kumi kwa uso.

Lakini hata kuanguka nimesamehe, kuanguka ni kuanguka tu. Ile sentensi. Na ile pumziko ya tumboni.

Mtembea_Kimya:
Nimesoma mpaka "begi likanifuata mimi" nikashindwa kuendelea 😂😂 pole mkuu

Mpini:
Zilikuwa za kubana kwa kuzungusha au za klipu?

Goti_Bovu:
Za kuzungusha. Alisema ndiyo za kijeshi.

Mpini:
Basi ndiyo hapo. Za kuzungusha ndani kuna kile kiplastiki kinachotanuka ukikaza, kikipata vumbi au unyevu kinateleza, na wewe kwa nje huoni chochote, unaona fimbo nzima kumbe ndani imelegea. Za klipu unaona kwa macho imefunga au haijafunga, halafu ina kiskrubu pembeni, ikilegea unakaza kidogo unaendelea na safari. Kwa mtu wa kubeba nyama mimi sibishani, klipu. Swali moja tu mkuu, ulipaka mafuta?

Goti_Bovu:
Mafuta gani

Mpini:
Mafuta. Kwenye fimbo. Ndani.

Goti_Bovu:
Kidogo tu. Ilikuwa inakwaruza.

Mtembea_Kimya:
🤣🤣🤣🤣 AMEPAKA MAFUTA BREKI

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:
Wakuu ufungwe huu uzi, kesi imeisha, mshtakiwa ni mlalamikaji.

Mpini:
Kile kitu kinashika kwa msuguano ndugu yangu. Ukirudi safari unachomoa vipande vyote unafuta unaacha vikauke vimeachana, basi. Mafuta hapana kabisa. Na ule mstari wa STOP ulioandikwa pale kwenye bomba huwa huuvuki, ukiuvuka kipande kinachobaki ndani ni kifupi mno, hapo itateleza au itapinda.

Goti_Bovu:
Nimeelewa mafuta nimeelewa. Sasa mafuta ndiyo yamemfanya anitazame tumbo? Mafuta ndiyo yalisema hukununua uiegemee??

Mama_Kileleni:
Mwanangu pole na goti. Mimi yule bwana aliniuzia za kaboni, nyepesi hata husikii, jozi nzima gramu 400 hivi, nikajiona malaika. Ncha ikaingia katikati ya mawe mawili nami naendelea kutembea, ikalia paa! kama mfupa. Kaboni haipindi, inakatika. Na ukishaikwaruza kwenye jiwe pakabaki alama, hapohapo ndipo itakapokatikia siku nyingine. Nilipomrudia unajua kaniambia nini? "Mama, ulipita wapi?" Nilipita MILIMANI, ningepita wapi na fimbo ya milimani?

Goti_Bovu:
Mama asante!! Mnaona? Ni tabia yake!

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:
Ndo maana mimi ni aluminiamu tu, ile aina ngumu inayoitwa 7075, jozi inagonga gramu mia tano na kitu na sijali. Yangu ilipinda nikaikalia ikanyooka nusu, imepinda mpaka leo kama mguu wa mbwa ila inatembea mwaka wa nne.

Mtembea_Kimya:
Nyie wawindaji gani mnabishana kaboni na aluminiamu hamsemi kelele. Nilitoka na jamaa mmoja, kila hatua ncha kwenye mwamba ti, ti, ti, wanyama wa bonde zima walikuwa wanajua tumefika wapi. Namwambia vaa vile vimpira vya kufunika ncha, anasema vimpira ni vya wazee.

Mama_Kileleni:
Wazee tunapata nyama.

Mpini:
Kwenye tope uvitoe lakini, mpira kwenye tope unateleza kama sabuni, hapo unataka ncha ya chuma.

Nyayo_Moja:
Samahani naingilia, kuna mtu alinunua vile viatu vya yule bwana? Vya "haviingizi maji"? Maji hayaingii kweli, ila yakiingia kwa juu hayatoki. Nimetembea siku mbili na mabwawa miguuni.

Mtembea_Kimya:
Mimi!!! Na soli imeachia mbele, inafunguka nikitembea kama mdomo wa mamba

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:
Hiyo soli ukikuta kiatu kimekaa stoo miaka bila kuvaliwa ni kawaida, ile povu ya katikati inaoza yenyewe. Alikuuzia cha zamani huyo.

Nyayo_Moja:
Mimi aliniambia "kiatu kinataka kuzoeana na wewe". Tumezoeana mpaka kucha mbili zimeng'oka.

Goti_Bovu:
Jamani turudi kwenye fimbo. Nataka kununua nyingine, urefu unapimaje

Mpini:
Simama, shika mpini, kiwiko kikae nyuzi 90. Kwenye mteremko ongeza sentimita 5 mpaka 10, ndo maana usichukue zile za kukunja zisizorekebika urefu. Wewe hasa.

Goti_Bovu:
Wewe hasa kivipi??

Nyayo_Moja:
Na kamba za viatu, nani zilimkatikia siku ya kwanza?

Mama_Kileleni:
Zangu zilikatikia mlangoni nikiwa natoka.

Mtembea_Kimya:
🤣🤣 mlangoni

Goti_Bovu:
Mpini umesema "wewe hasa" ukimaanisha nini? Na wakuu huu uzi ni wa FIMBO

Nyayo_Moja:
Mkuu kama una shida na fimbo si uanzishe uzi wako, hapa tunaongelea viatu.