Kuhamisha video za ngoma kutoka DVD hadi kwenye kompyuta kwa ajili ya vipande vya mtandaoni

Mwana wa Dunda, Bagamoyo

Ndugu zangu, nawasalimu. Kikundi chetu cha ngoma kina DVD nyingi za maonyesho ya zamani, nyingine zikiwa zile ndogo zilizorekodiwa moja kwa moja na kamera, na tunataka kutoa humo vipande vifupi vya kuweka mtandaoni. Ndani ya diski nimekuta folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, nikayaingiza kwenye programu ya kuhariri. Picha imekuja, lakini sauti ya ngoma inachelewa kuliko mikono ya wapigaji, na mchezaji akirusha mguu kwa kasi, mguu huo hutokwa na mistari ya mlalo kama meno ya kitana. Diski moja ndogo haisomeki kabisa. Baadhi ya wazee waliomo humo wamekwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Fundi wa Magomeni

Ndugu, usihariri VOB moja kwa moja. Onyesho moja refu hukatwa katika mafaili yasiyozidi GB 1 kila moja, na programu nyingi za kuhariri huyachukulia kama video zinazojitegemea, ndipo sauti inapopishana na picha. Tumia programu ya MakeMKV, ambayo huyaunganisha yote kuwa faili moja la MKV bila kuibana picha upya, hivyo unapata kilekile kilichomo kwenye diski. Faili hilo liweke kwenye diski kuu mbili tofauti kabla ya kugusa chochote.

Mistari uliyoiona si ubovu wa diski. Kamera za mfumo wa video wa PAL, uliokuwa ukitumika hapa kwetu, hurekodi fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu ina nusu mbili zilizochukuliwa kwa kupishana sehemu ya 50 ya sekunde. Mguu ukiwa umesogea kati ya nusu hizo, kompyuta inazionyesha zote mbili kwa pamoja. Fungua MKV kwenye programu ya HandBrake, chagua kichujio cha Yadif cha kuondoa mistari hiyo, katika hali ya Bob inayoifanya kila nusu kuwa fremu yake, weka fremu 50 kwa sekunde na ubora wa RF 18 (namba ikishuka, ubora hupanda), kisha utoe MP4 ya kuhariri. Kwa ngoma ningesisitiza hizo fremu 50, kwa sababu ukibaki na 25 unapoteza nusu ya mwendo, na mwendo ndio ngoma yenyewe.

Mpiga Picha wa Kaole

Nakubaliana na Fundi, ila niongeze habari ya umbo. Picha ya DVD ya PAL huhifadhiwa kwa pikseli 720 kwa 576, lakini haikukusudiwa kutazamwa hivyo. Ya zamani ya umbo la 4:3, lililo karibu na mraba, inapaswa kutoka 768 kwa 576, na ile pana ya 16:9 itoke 1024 kwa 576. Usipoangalia hilo, wachezaji wako watakuwa wembamba kuliko walivyo.

Diski ndogo isiyosomeka huenda haikufungwa (finalize), yaani haikukamilishwa ili isomeke kwenye vifaa vingine, baada ya kurekodi. Itafute kamera ileile, uiwekee umeme wa ukutani badala ya kutegemea betri, kisha uchague amri ya kuifunga diski. Kama kamera haipo, programu ya IsoBuster inaweza kusoma diski ambazo hazijafungwa. Tafadhali usiingize diski ndogo kwenye kisomeo cha tundu kinachomeza diski chenyewe, kwani hukwama humo. Tumia chenye sinia. Vumbi lifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.

Mwana wa Dunda, Bagamoyo

Nashukuruni sana. Vijana wanataka vipande vya wima kwa ajili ya simu. Je, nikate pembeni?

Fundi wa Magomeni

Mimi nisingekata. Kutoka kwenye mistari 576 utabakiwa na upana wa pikseli 324 tu, na duara la wachezaji litakuwa limekatwa. Acha picha ilale kama ilivyorekodiwa, juu na chini yake uandike jina la ngoma, mahali na mwaka.