Yurea au majivu: tulimeje mahindi kandokando ya Lubumbashi?

Mwana wa Kafubu
Wandugu, mvua inakaribia, na kila nyumba hapa mjini inatafuta shamba la kukodi, barabara ya Kasenga, ya Kipushi, ya Likasi. Sababu tunaijua. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia, mwezi wa pili wakatangaza janga la taifa, karibu hekta milioni moja za mahindi zikaharibika. Sisi huku tukaanza kuhesabu pesa mbele ya mfuko wa unga wa kilo 25. Mji wote huu unangoja malori yanayovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa ndipo upike bukari, ugali wetu! Nauliza wazi: tulime kwa mbolea za dukani, NPK na yurea, na mbegu za kununua, au turudie kulima bila kitu cha dukani? Mimi niko upande wa kwanza. Udongo wetu mwekundu una asidi, fosforasi ni kidogo, na mahindi yasiyotiwa kitu yanatoa masuke kama vidole. Anayetaka tulime kama mababu aseme pia tutakula nini mwezi wa kwanza na wa pili, ghala zikiwa tupu.

Mtoto wa Luapula
Mababu umewaingiza wa nini? Walikukosea wapi? Chitemene, kilimo chao cha majivu, ilikuwa na akili yake: unakata matawi, unayakusanya, unachoma kabla ya mvua, majivu yanapunguza ile asidi unayoilalamikia. Unapanda ulezi, halafu mihogo, karanga, maharage. Ukimaliza unaliacha shamba lipumzike miaka ishirini na zaidi, pori linarudi. Hakuna aliyekuwa na deni. Ninyi wa yurea mnaingia msimu na deni la dukani, mnatoka nalo, na yurea yenyewe inazidi kuongeza asidi. Uliza watu wa kilimo kama nadanganya.

Agronomu wa Kasapa
Hudanganyi. Yurea, ile yenye nitrojeni asilimia 46, ikitumika peke yake mwaka baada ya mwaka inaongeza asidi. Ila dawa yake ipo: chokaa. Mawe ya chokaa ya Kakontwe, pale Likasi, yako karibu kuliko mbolea inayovuka mpaka. Halafu watu wanaimwaga yurea juu ya udongo na kuondoka. Sehemu kubwa inaweza kupotea hewani. Ifunike kwa udongo. Kuhusu chitemene, ndugu yangu, hesabu yako ni ya zamani. Miaka ishirini ya kupumzisha shamba nani anayo leo? Watu wanarudi baada ya miaka mitatu, minne. Miti haijafika kifuani, majivu yatatoka wapi?

Mama Katuba
Mimi sina shule ya kilimo, nina shamba la kukodi. Nilichukua mbolea na mbegu kwa mkopo kwa muuzaji mmoja, mvua ikachelewa, mahindi yakaota nusu. Deni halikujua kama mvua imechelewa. Nimelilipa kwa kuuza sombe, majani ya mihogo, sokoni mpaka kiangazi. Msimu uliofuata nikapanda punje za mavuno yale yale ili nisinunue tena, nikavuna kidogo zaidi. Baadaye ndipo nikaambiwa mbegu ya chotara hairudiwi. Mbona hamkuliweka hilo kwenye hesabu, baba Kafubu?

Mwana wa Kafubu
Mama, pole sana. Lakini hiyo ni shida ya mkopo na ya kukosa maelezo, siyo shida ya mbolea. Mbegu chotara hununuliwa kila msimu, ndiyo. Na ukilima kizuri, ile tofauti ya magunia inalipa mbegu.

Mama Katuba
«Ukilima kizuri.» Asante baba.

Mpangaji wa Shamba
Naomba niulize. Wengi wetu tunakodi msimu mmoja mmoja. Chokaa inafanya kazi miaka kadhaa. Samadi vilevile, miti ndiyo zaidi. Nani ataweka pesa yake kwenye udongo ambao mwakani atapewa mtu mwingine? Yurea inaliwa na mahindi yangu msimu huu huu, ndiyo maana naichagua. Sioni kama ni ujinga.

Kijana Ruashi
Ba yaya, mimi nasema watu wa majivu njo walimaliza pori. Toka barabara ya Kasenga, utatembea mpaka uchoke kabla ya kuona muti munene. Wanachoma, wanalima, wanahama, wanachoma tena. Kisha wanakuja kutufundisha mazingira.

Mtoto wa Luapula
Pori limemalizwa na mbabula zenu ninyi wa mjini, yale majiko ya makala, yaani mkaa! Asubuhi chai kwa makala, jioni bukari kwa makala, maharage saa tatu kwa makala. Chitemene ya zamani ilikata matawi, shina linabaki, linachipua. Mchoma makala anakata mti mzima. Kilo 100 za kuni kwenye tanuru la udongo hazifiki kilo 20 za makala. Piga hesabu ya mji mzima, halafu uniambie ni nani mharibifu. Msitu ule ulitupa viwavi na uyoga kila mwaka bila hata kupalilia.

Mama wa Makala, Kenya
Sasa mumenifikia mimi. Nauza makala hapa mjini, komini ya Kenya, na watoto wangu wamesoma kwa makala. Mnaniita mharibifu, na jioni mnakuja na kindoo mnaomba niwaongezee. Mnipatie umeme mwaka mzima, usiokatwa saa ya kupika, nitauza kitu kingine. SNEL, wale wa shirika la umeme, wakikata, muhadhiri na fundi wote wanapanga mstari kwangu. Sikuwahi kumuona mtu wa mazingira akipika kwa jua.

Kijana Ruashi
Mama, sikukutaja wewe, nilisema wakulima.

Mama wa Makala, Kenya
Anayenichomea makala ni mkulima huyo huyo. Mahindi yakimuangusha, anawasha tanuru. Mnadhani anapenda ule moshi?

Agronomu wa Kasapa
Hapo mama amegusa jambo la kweli. Shamba linapochoka, makala ndiyo mshahara wa pili. Pale Mampu, uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa, walipanda akasia kwenye hekta kama 8,000. Mkulima anakata akasia zake zikikomaa, anachoma makala, kisha anapanda mihogo na mahindi palepale huku akasia changa zikirudi. Akasia inaongeza nitrojeni udongoni. Makala na chakula kwenye shamba moja.

Mtoto wa Luapula
Kumbe ni chitemene! Kata, choma, lima, pumzisha. Mmeibadilisha jina, ikawa mradi.

Agronomu wa Kasapa
Tofauti ni mti uliopandwa, na mwenye shamba anayejulikana.

Kijana Ruashi
Tuongee basi juu ya umeme. Ile laini ya umeme kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita kama 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi. Inapita juu ya vijiji vyenye giza. Na migodi iliambiwa ilime! Wakati wa Katumbi, gavana wa Katanga, kila kampuni ilitakiwa ilime hekta 500. Mahindi yale yako wapi?

Mzee wa Gécamines
Zingine zililima kweli, mdogo wangu, na trakta na mbolea, tuliona. Lakini kampuni ya shaba inalima kwa sababu gavana anataka. Amri ikilegea, trakta inarudi mgodini. Na msisahau Bukanga-Lonzo, ule uwanja mkubwa wa mahindi waliouzindua mwaka 2015.

Kijana Ruashi
2014, mzee.

Mzee wa Gécamines
2014, sawa. Mamilioni ya dola za serikali, mashine mpya, mbolea tele. Miaka mitatu baadaye wabia wa Afrika Kusini wameondoka na mashine zinashika kutu. Kwa hiyo msiniambie mbolea na trakta peke yake zinashibisha nchi.

Mwana wa Kafubu
Bukanga-Lonzo iliangushwa na pesa zilizopita kando, mzee, siyo na mbolea. Naomba turudi. Tangu kiwavijeshi kile kiingie Afrika mwaka 2016, hata anayelima bila dawa anapoteza mahindi. Hiyo nayo mtasema ni kosa la yurea?

Mama Katuba
Sisi tunaweka kidole cha majivu na udongo ndani ya moyo wa muhindi, mmoja mmoja. Kwenye shamba dogo inasaidia. Kwenye hekta nyingi hauwezi. Lakini baba Kafubu, acha nimuulize agronomu: hiyo chokaa ya Likasi, ni kiasi gani? Na mbolea ya dukani naweza kupunguza?

Agronomu wa Kasapa
Mama, ni vizuri udongo upimwe kwanza. Kwa mashamba mengi mekundu watu huanza na tani moja hadi mbili kwa hekta, wanachanganya na udongo kabla ya mvua. Usiache mbolea yote; weka kidogo kwenye kila shimo badala ya kumwaga, ongeza samadi ya kuku, na mwaka wa pili geuza mahindi kwa maharage au karanga. Zambia wapo pia wanaolima chini ya musangu, mti unaoangusha majani masika, haufunikii mahindi jua. Chokaa hutaiona yote mwaka wa kwanza. Inaendelea kufanya kazi misimu inayofuata.

Mama Katuba
Misimu inayofuata shamba linaweza kuwa la nani?

Mpangaji wa Shamba
Ndilo nililouliza juu kabisa, mama, mkaenda kugombania makala. Kuna mtu aliyepata karatasi ya miaka mitatu kwa chifu au kwa mwenye konsesio, yaani eneo kubwa la ardhi alilopewa na serikali? Upande wa Kipushi mimi walinikatalia, wanasema wakisikia kampuni ya mgodi inakuja hawataki mtu mwenye karatasi.

Mtoto wa Luapula
Njoo barabara ya Kasenga, mbali na mji, chifu bado anaweza kusikiliza. Leta mashahidi wawili wa kijijini, na usiseme neno konsesio.

Mwana wa Kafubu
Na barabara hiyo masika inapitika na gunia?

Mtoto wa Luapula
Inapitika na baiskeli.