Bakteria hana oganeli, sasa hivi vidude vyenye pembe ni nini?

Mwalimu_wa_Zamu
Wakuu, kwema? Nafundisha baiolojia kidato cha sita. Juzi nimesema darasani kama nisemavyo kila mwaka: bakteria hana oganeli (vyumba vidogo ndani ya seli, kila kimoja na kazi yake), vitu vyote vinaelea humo humo. Binti mmoja akainua picha ya saianobakteria (bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga, kama mmea) aliyekatwa, ndani vimejaa vidude vyenye pembe kama kokoto zilizochongwa. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Leo Jumapili.

DarubiniKuukuu
Pole, mwalimu. Hizo ni kaboksisomu. Zilionekana kwa darubini ya elektroni tangu 1956, na wapo waliodhani ni virusi. Mwaka 1973 Jessup Shively na wenzake walizitoa kwenye bakteria mwingine, mla salfa, wakakuta zimeshiba rubisko, kimeng'enya kinachokamata kabonidioksaidi ili itengenezwe chakula. Ganda ni protini tupu, mafuta hamna: vigae vya pembe sita vimepangana kama sega la nyuki, vya pembe tano vinaziba kona.

Kwa nini afungie? Rubisko ni mvivu, halafu hachagui: oksijeni ikijipitisha, anaikamata badala ya kabonidioksaidi. Basi bikaboneti, yaani kabonidioksaidi ikiwa katika umbo la kuyeyuka majini, huingia kwa vitundu vya katikati ya vigae, na ndani kimeng'enya kingine huigeuza kabonidioksaidi, puani kabisa mwa rubisko.

Mwalimu_wa_Zamu
Asante mkuu. Namjua yule binti, ataniuliza: vimeng'enya viliingiaje kama ganda limefungwa?

MpikaAgari
Kwa saianobakteria wengi havikuingia. Hujikusanya donge kwanza, ndipo ganda linakuja kulifunika.

Mimi nimehangaika zaidi na Salmonela. Yeye ana ganda kama hilo, ila hufungia sumu. Akimeng'enya propanidioli, mojawapo ya vyakula vyake, katikati ya kazi hutoka propionaldehidi, nayo huharibu DNA yake mwenyewe. Ukimnyang'anya jeni za ganda, anaanza kukua vizuri, halafu anagoma. Kuhusu kuingia: kimeng'enya PduP kina kipande mwanzoni, asidi amino 18 tu, ndiyo tiketi yake. Watu walikibandika kwenye protini ya kijani inayong'aa, nayo ikapandishwa bila maswali.

Mwalimu_wa_Zamu
Nimeelewa. Nimerekebisha notisi: "bakteria hana oganeli zenye utando".

DarubiniKuukuu
Mwalimu, futa tena. Saianobakteria huyo huyo ana thailakoidi, vifuko bapa vya kunasia mwanga, na ni utando mtupu. Zipo kwenye picha ile ile ya binti, mistari mistari pembeni.