Tupeane uzoefu: umefungua tabu ngapi kwenye kivinjari, na unazitunzaje?

Mtafsiri wa Ntinda (mwanzisha mada):
Ndugu zangu, ule ukurasa uliofunguliwa, wenye jina lake pale juu ya kivinjari, kwenye mipangilio wameuandika kichupo, ofisini kwetu tunasema tabu, na kusema kweli jina limempata mwenyewe. Hivi ninavyoandika nina tabu 137 kwenye Chrome, kivinjari cha Google. Kila moja nimejiambia nitaisoma kesho.

Nianze na yaliyonipata. Januari 2021, wiki ya uchaguzi hapa Uganda, nilikuwa na kazi ya kurasa 80 mkononi. Nikasikia fununu kwamba mtandao utazimwa. Nikajiona mjanja: nikafungua kila ukurasa nitakaouhitaji, istilahi, ripoti, yote, nikaiacha kompyuta ikiwaka. Tarehe 13 jioni mtandao ukakatika kweli. Asubuhi nimekaa na chai yangu, nabofya tabu ya kwanza: nyeupe. Ya pili: nyeupe. Nilikuwa nimesahau kwamba nimeweka kiendelezi (programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari) cha kulaza tabu zisizotumika ili ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ipumue, nacho usiku kikazilaza zote. Tabu iliyolala hubaki jina tu pale juu. Ukurasa wenyewe haumo tena kwenye kumbukumbu, mpaka uvutwe upya mtandaoni. Mtandao ulirudi tarehe 18. Siku zote hizo natafsiri kwa kubahatisha.

Tangu hapo ukurasa wa maana nabonyeza Ctrl+P, nauhifadhi kama PDF. Ninyi mnafanyaje?

Msanifu wa Nasser Road:
Pole sana bambi. Mashine yangu ya dukani ina ramu ya GB 4, na humo humo kuna CorelDRAW ya kusanifu picha, WhatsApp ya kompyuta, na wateja watatu wamenisimamia mgongoni wanataka kadi za harusi. Chrome ikianza kuganda nabonyeza Shift+Esc. Kinatokea kidirisha kinachotaja kila tabu na kumbukumbu inayokula. Siku ya kwanza nilidhani mchawi ni picha za wateja, kumbe ni ukurasa wa redio alioufungua kijana wangu, sauti kaizima, matangazo yanaendelea. Nikauua palepale. Ukurasa, si kijana.

Mwanafunzi, Nakivale:
Aksanti kwa mada. Huku kwetu shida si ramu, ni bando. Siku hizi Chrome ina njia yake yenyewe ya kuokoa kumbukumbu, huna haja ya kupakua kitu. Lakini kila tabu ikiamka inavuta ukurasa upya, na MB zinakwenda. Tangu Julai 2021 bando lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Ukurasa nimeshaulipia, niulipie tena kwa sababu kompyuta ilitaka kupumzika? Hapana. Ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuandika tovuti zisizoruhusiwa kulala. Nimeandika za masomo, zilizobaki zilale tu.

Mama Zai:
Mimi niko kwenye simu. Pale Chrome inapoonyesha idadi ya tabu imeandika :D. Ndiyo nini?

Msanifu wa Nasser Road:
Umevuka 99, mama. Imeacha kuhesabu, sasa inakucheka.

Wakala wa forodha, Malaba:
Natumia kiendelezi kinachoitwa OneTab. Ukibofya alama yake, tabu zote zinafungwa na kugeuka orodha ya viungo kwenye ukurasa mmoja. Kila mzigo una orodha yake na nimeipa jina: lori la saruji, lori la mchele. Mteja akipiga simu nafungua yake tu.

Ila hili msilipuuze: orodha inakaa ndani ya kivinjari chako. Mdogo wangu "alinisafishia" kompyuta, akaondoa viendelezi vyote asivyovijua, miezi minane ya orodha ikaenda navyo. Siku hiyo niligomba kwa Kiswahili kikaniishia, nikaendelea kwa Kiteso. Sasa kila Ijumaa naitoa orodha kama maandishi (sehemu hiyo imo humo humo), najitumia kwa barua pepe.

Fundi wa Mbale:
Mawili. Umeme ukikatika ghafla, ukiwasha tena fungua Chrome na kabla ya kitu kingine chochote bonyeza Ctrl+Shift+T. Mara nyingi dirisha lote linarudi.

La pili, msipakue kila kiendelezi mnachosifiwa. The Great Suspender, kiendelezi cha kulaza tabu, kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 kikauzwa kwa mwenye mwingine, Februari 2021 Google wakakiondoa kwenye duka lao la viendelezi na kukizima kwenye kompyuta za watu kwa sababu kilikutwa na programu hasidi. Wenye viendelezi vya namna hii wanaweza kuona kila ukurasa unaoufungua, na wa benki umo.

Mama Zai:
Kwa hiyo nizifunge zote?

Wakala wa forodha, Malaba:
Dada, anza na za mwaka jana.

Mtafsiri wa Ntinda:
Nimejaribu OneTab sasa hivi. Nina tabu moja, ndani yake viungo 137. Mke wangu anauliza mbona feni ya kompyuta imenyamaza, au umeme umekwenda.