Appius Claudius alijichagua mwenyewe?

Swali: Naomba kueleweshwa. Appius Claudius, mtu wa ukoo wa kipatrisi (tabaka la juu la Roma), alichaguliwa konsuli (mmoja wa watawala wawili wakuu wa mwaka) wa mwaka 451 KK, kisha akaingia katika baraza la watu kumi lililopewa kazi ya kuandika sheria za Roma. Ilikuwaje akarudi tena katika baraza la pili, la mwaka 450?

Jibu la 1: Kwa mujibu wa Livy, mwanahistoria wa Kirumi, wenzake walimkabidhi kusimamia uchaguzi wakiamini kwamba msimamizi hangethubutu kujitangaza mshindi, naye akajitangaza bila haya, akawa ndiye pekee wa baraza la kwanza aliyerejea. (Mtego uliwanasa waliouutega.)

Jibu la 2: Naongezea kwamba baraza la pili liliongeza mbao mbili za sheria juu ya zile kumi za baraza la kwanza, mojawapo ikipiga marufuku ndoa kati ya wapatrisi na waplebe (raia wa kawaida), katazo lililofutwa mwaka 445 KK.

Aliyeuliza: Na mwisho wake?

Jibu la 1: Masimulizi yanasema alimtamani Verginia, binti wa kiplebe, ambaye babaye alimuua binti huyo ili kumnusuru na Appius, waplebe wakauhama mji, baraza likavunjika, na Appius akafia gerezani akisubiri hukumu.