Tangu 2011 vijana wetu wako Somalia. Wanarudi lini?

Jamani, jambo hili limenikaa rohoni miaka, leo nalitoa. Oktoba 2011 KDF, jeshi letu la Kenya, ilivuka mpaka kuingia Somalia, operesheni ikaitwa Linda Nchi. Sisi wa Lamu tuliiunga mkono kwa moyo wote, maana balaa lilianzia kwetu: mgeni kauawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa, kisha mama wa Kifaransa akatekwa Manda, nyumbani kwake. Nani angesema tusijilinde? Lakini mtoto aliyezaliwa wiki ile leo ameshabalehe, na hajatokea kiongozi hata mmoja kutueleza kazi ile itakuwa imekwisha likifanyika jambo gani.

Kismayu, mji wa bandari kusini mwa Somalia, ilichukuliwa mwishoni mwa Septemba 2012. Tulipiga vigelegele. Kumbe Shabaab, wapiganaji tuliokwenda kupigana nao, waliacha mji tu, wakabaki na mashamba, njia na ushuru. Hata mkaa, ambao Baraza la Usalama lilishaupiga marufuku, uliendelea kupakiwa katika bandari ile ile, na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba Shabaab wanapata fungu lao humo. Kikosi cha Umoja wa Afrika tulichojiunga nacho kilikuwa AMISOM, kikawa ATMIS, tuliyoambiwa ingefunga virago Desemba 2024. Desemba ikapita. Januari 2025 ikaja AUSSOM. Jina jipya, mahandaki yale yale.

Na El Adde. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu hiyo ya Somalia ilivamiwa na Shabaab alfajiri, na mpaka leo serikali haijatoa idadi ya askari waliokufa. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa kule. Siku ya kwanza simu yake iliita bila kupokelewa, siku ya pili ikawa haipatikani. Shangazi alikaa barazani na simu mapajani, akiichaji kila inaposhuka kidogo, hataki mtu aitumie isije ikawa yeye ndiye anapiga. Siku ngapi? Hata sikumbuki, nakumbuka chai yake ikipoa tu. Mwishowe lilikuja jeneza limefungwa, na agizo kwamba lisifunguliwe. Mama hakuoshewa mwanawe, hakumuona uso. Nchi inayoshindwa kuhesabu maiti wake itajuaje vita imeigharimu nini?

Huku nyumbani tumelindwa? Wavuvi wetu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, na samaki wengine hawapatikani mchana, kila mvuvi anajua hilo. Operesheni ya kuwasaka Shabaab katika msitu wa Boni ilianza 2015, nayo tuliahidiwa siku tisini. Ukisafiri kutoka Garsen kuja Mokowe unasimamishwa kungoja msafara wa polisi, mnashuka nyote na vitambulisho mkononi, na barafu ya samaki inayeyuka mpaka maji yanapita chini ya viti vya basi.

Najua kuna atakayenijibu kwamba tukitoka watatufuata. Ndugu yangu, wameshafika! Westgate, jengo la maduka Nairobi, 2013 walikufa watu 67. Mpeketoni, huku kwetu Lamu, 2014, zaidi ya 60. Chuo Kikuu cha Garissa 2015, 148. Miaka yote hiyo jeshi letu lilikuwa kule. Sisemi walikuja kwa sababu ya sisi kuingia, ubishi huo una watu wake. Nasema kukaa kule hakukuwazuia.

Wala sitaki tukimbie usiku mmoja. Kabul 2021, Wamarekani walipoondoka mbio na Taliban wakaingia, tuliiona sote, na watu wa Kismayu ni binadamu, wengi wana jamaa huku. Nataka tarehe, na nataka kuondoka kwa awamu, kambi moja baada ya nyingine, vijana waletwe Kiunga, Ijara na Mandera, wasimame upande wetu wa mpaka. Kifungu cha 240 cha Katiba kinasema majeshi yakipelekwa nje ni kwa idhini ya Bunge. Basi Bunge hilo hilo lijadili kuyarudisha, kwa sauti, tusikie nani anasema nini na kwa nini. Wabunge wetu wa Pwani wanajua kupaza sauti bajeti ikiletwa, kwa hili wamenyamaza.

Na kabla ya ratiba yoyote, waanze na idadi ya El Adde, na majina.